Kompyuta ya duka inaganda kila asubuhi: si kirusi, na usifute kitu

«Assalaamu alaykum fundi. Nina duka la steshenari hapa Wete: naskani vyeti na fomu za skuli, napiga picha za pasipoti, nachapisha. Natumia kompyuta ya mezani ya mtumba yenye Ubuntu 22.04, RAM ya GB 4 na hadidiski ya kizamani ya GB 500. Miezi ya karibuni, asubuhi nikiiwasha, karibu saa nzima haishikiki. Mshale unaruka, LibreOffice haifunguki, na mteja yuko mbele yangu amesimama. Baadaye inatulia yenyewe. Umeme ukikatika ukarudi, mtihani unaanza upya. Nimefungua top (orodha ya programu zinazofanya kazi), na juu kabisa naona tracker-miner-f na tracker-extract. Kijana mmoja kaniambia hicho ni kirusi kinachochimba Bitcoin kwa mashine yangu, dawa ni kufuta kila kitu na kuweka mfumo upya. Nimekiua kwa amri ya kill -9, kinarudi. Mwengine kasema niongeze RAM. Nina skani za wateja za miaka minne humo ndani na naogopa kuzipoteza. Nifuate lipi?»

Waalaykumu salaam, ndugu yangu. Hofu yako naielewa. Mashine ndiyo duka lenyewe, asubuhi ndiyo saa ya wateja, na ndani yake mna karatasi za watu za miaka minne. Kwa hiyo neno la mwanzo ni hili: usifute kitu, usiweke mfumo upya. Ulichokiona si kirusi. Ukiweka Ubuntu upya kisha ukayarudisha yale mafaili, programu ile ile itaanza kuyasoma yote toka mwanzo, na siku hiyo ya kwanza itakuwa nzito kuliko hizi unazolalamikia.

Tracker ni sehemu ya GNOME, yaani yale mazingira ya mezani yanayokuja na Ubuntu. Kazi yake ni kutengeneza faharasa ya mafaili yako. Ukifungua kisanduku cha kutafuta ukaandika jina la mteja, na barua yake ikatokea hata kama jina hilo limo ndani ya PDF tu, Tracker ndiyo iliyokwisha kulisoma kabla yako. Inafanya kazi kwa sehemu mbili. Ya kwanza, tracker-miner-fs-3, hupita folda baada ya folda kuangalia nini kipya na nini kimebadilika. Ya pili, tracker-extract-3, hufungua faili moja moja: PDF husoma maandishi yake, picha husoma vipimo na tarehe iliyopigwa. Wewe umeona tracker-miner-f kwa sababu top huonesha herufi 15 tu za jina. Kijana wako aliona neno «miner» akakumbuka programu za kuchimba sarafu za mtandaoni. Programu hizo zipo kweli, wala hakukosea kuziogopa, lakini tabia zao ni nyengine. Hula prosesa mchana na usiku bila kutulia, na mara nyingi faili lao limefichwa ndani ya /tmp au /var/tmp. Yako inatulia baada ya saa moja.

Usinisadiki kwa maneno, hakikisha mwenyewe. Kwenye top, safu ya kwanza kushoto ina namba ya mchakato, yaani programu inayoendeshwa. Ichukue, ufungue terminali (dirisha la kuandikia amri) nyengine, uandike:

ls -l /proc/NAMBA/exe

Ukiona mshale unaelekea /usr/libexec/tracker-miner-fs-3, hiyo ni Tracker halisi iliyokuja na Ubuntu. Ukiona unaelekea /tmp, au folda yenye jina linaloanza na nukta ambalo hulijui, hapo hadithi ni nyengine: chomoa waya wa intaneti na utafute mtu wa kukusaidia ana kwa ana. Kipimo hiki ni kizuri kwa mchakato wowote unaokutia shaka, kwa sababu jina mtu anaweza kuliiga, lakini mahali faili lilipo ni vigumu zaidi kulificha.

Sasa tuje kwenye kiini. Watu wengi wakifungua top hutazama jina lililo juu wakalilaumu hilo. Top kwa kawaida hupanga michakato kwa matumizi ya prosesa, na kwa mashine kama yako prosesa siyo inayokosekana. Tazama mstari wa tatu, ule unaoanza na %Cpu(s). Humo mna vifupisho vingi. Wewe tafuta wa. Namba hiyo ni muda ambao prosesa imekaa bure ikiingojea diski. Mashine ikiwa imeganda na wa imepanda 40, 60 au zaidi, huku id (muda prosesa haina kazi kabisa) na us (muda inaendesha programu) ziko chini, basi prosesa yako haina kosa, na RAM inaweza pia isiwe na kosa. Anayengojewa ni diski. Halafu tazama safu iliyoandikwa S juu yake. Mchakato wenye herufi D umelala usingizi usiokatizwa, na mara nyingi maana yake umeomba kitu kwenye diski na haujajibiwa. Ukiona D tatu nne kwa pamoja, LibreOffice ikiwa mojawapo, umeshapata jibu la kwa nini haifunguki: iko kwenye foleni nyuma ya Tracker.

Hapa inafaa kuelewa diski yenyewe inavyofanya kazi, maana watu wanadhani «polepole» ni suala la umri tu. Ndani ya hadidiski ya kizamani mna sahani zinazozunguka na mkono wenye kichwa cha kusomea. Diski ya mizunguko 7,200 kwa dakika huzunguka mara moja kwa milisekunde 8.3. Kusoma kipande kilichoko mahali pengine, mkono lazima uhame, kazi inayochukua milisekunde nane au tisa, kisha ungoje sahani ije chini yake, wastani wa nusu mzunguko. Jumla ni milisekunde 12 au 13 kwa kila kipande, yaani vipande kiasi cha 75 hadi 80 tu kwa sekunde. Faili moja kubwa lililokaa mfululizo halina taabu, litasomwa mbio. Mafaili madogo elfu nyingi yaliyotawanyika ndiyo mtihani. Ni sawa na mchumaji karafuu anayelazimishwa kushuka mkarafuu mmoja na kupanda mwengine kwa kila kishada: mikono yake myepesi, siku nzima imeishia kwenye kupanda na kushuka.

Piga hesabu mwenyewe. Tuseme una mafaili 40,000 na kila moja linahitaji kuguswa mara nne: jina lake kwenye folda, taarifa zake, kurasa zake, kisha kuandikwa kwenye faharasa. Hiyo ni miguso 160,000. Kwa miguso 75 kwa sekunde, ni zaidi ya dakika 35 diski isipofanya jambo jengine lolote. Na wewe wakati huo unabonyeza LibreOffice, mteja mmoja anakutumia barua yake kwa WhatsApp ya kwenye kivinjari, na kila ombi lenu linaingia foleni ile ile.

Lakini kusoma kila faili kwa kina kunatakiwa kufanyika mara moja tu. Siku za baadaye Tracker hupita kuangalia mabadiliko, ikasoma kilichokuwa kipya. Ikiwa kwako ni saa nzima kila siku, kuna kinachoilazimisha irudi nyuma au kinachoifanya isimalize, na ndicho cha kukitafuta. Mimi naona njia nne, na ya kwanza kuitazama ni ile mbaya kuliko zote.

Diski inaweza kuwa inakufa. Umesema tatizo limeanza miezi ya karibuni, mashine ni ya mtumba, na umeme hukatika ikiwa inafanya kazi. Sehemu ya sahani ikiharibika, diski hujaribu kuisoma tena na tena kabla ya kukubali kushindwa, na kila jaribio linaweza kula sekunde nzima au zaidi. Kwa aliyekaa mbele ya kioo, huo ni ule ule ugandaji uliousimulia. Tracker, kwa kuwa inagusa kila faili, ndiyo ya kwanza kugonga sehemu hizo, na ndiyo inayobeba lawama. Kwa hiyo kabla ya amri nyengine yoyote, nunua au azima diski ya nje, nakili skani zote za wateja, uichomoe, uiweke mbali na mashine. Kisha andika:

sudo apt install smartmontools
sudo smartctl -a /dev/sda

Katika orodha ndefu itakayotoka, tafuta Reallocated_Sector_Ct na Current_Pending_Sector, utazame namba ya mwisho kulia. Zote zikiwa 0, shukuru Mungu tuendelee. Pending ikiwa zaidi ya 0, na hasa ikiwa kesho imeongezeka, usihangaike na Tracker tena: diski hiyo inabadilishwa. Ipo na namba ya tatu, UDMA_CRC_Error_Count. Hiyo ikipanda, mara nyingi mbovu si diski bali ni waya wa data unaoiunganisha na ubao mama. Kwetu visiwani hewa ya chumvi hula miguso ya chuma, na waya mpya ni rahisi kuliko diski, basi jaribu kuubadilisha kwanza. Asiyependa terminali afungue programu iitwayo Disks, achague diski, abonyeze vidoti vitatu vya juu, na atakuta humo taarifa za SMART, yaani za afya ya diski, zile zile.

Diski ikiwa nzima, sasa itazame Tracker yenyewe. Andika tracker3 status. Itakwambia imeshaorodhesha mafaili mangapi, imemaliza au bado, na kama yapo mafaili yaliyoishinda itayataja pamoja na njia zake. Duka kama lako hupokea mafaili kutoka fleshi za kila mtu. Miongoni mwake lazima mmoja au wawili wakuletee PDF iliyokatika katikati, iliyonakiliwa fleshi ikachomolewa kabla haijamaliza. Faili kama hilo linaweza kuiangusha tracker-extract. Likitajwa hapo, liondoe kwenye folda ya Documents na uone tofauti.

Njia ya tatu wengi hawaifikirii, na kwangu ndiyo inayoeleza vizuri kwa nini ni asubuhi. Ubuntu ina kazi zake za kila siku: kupakua orodha za masasisho, kuweka masasisho ya usalama, kupanga upya miongozo ya amri, kufuta kumbukumbu za zamani za mfumo. Zimepangiwa saa. Uwekaji wa masasisho, kwa mfano, umepangiwa saa kumi na mbili asubuhi na dakika kadhaa za kubahatisha juu yake. Saa hiyo mashine yako imezimwa. Kazi hizi nyingi zimeambiwa kwamba zikikosa wakati wake, zifanywe mara tu mashine itakapowashwa. Ukibonyeza kitufe saa mbili, zote zinaamka kwa pamoja, na Tracker nayo inaanza mzunguko wake, na kivinjari kinafunguka na tabo za jana. Diski moja yenye mkono mmoja inavutwa huku na huku na wote hao. Kuona ratiba, andika systemctl list-timers. Kuona nani hasa anaila diski muda huo wa kuganda, weka iotop kwa sudo apt install iotop, kisha asubuhi iache wazi hivi:

sudo iotop -oPa

Itakuonesha wale tu wanaosoma na kuandika, na jumla ya kila mmoja tangu ulipoifungua. Iache dakika kumi. Kama tracker-extract imesoma megabaiti mia nane na wengine makombo, umempata. Kama wa juu ni unattended-upgr au snapd, ambazo ni programu za masasisho, umekuwa ukimlaumu asiyehusika.

Ya nne ni wingi wenyewe. Skani za miaka minne zote zikikaa ndani ya Documents na Pictures, hata kuzipitia tu kuangalia kama zimebadilika ni safari ndefu.

Nirudi kidogo kwenye kill -9, kwa sababu naona watu wanaitumia kama fimbo ya kila nyoka. Tracker huanzishwa unapoingia kwenye akaunti yako, na huweza kuitwa tena na programu nyengine inayohitaji faharasa, kama dirisha la mafaili unapotafuta kitu. Ukiiua, hujamwondoa anayeiita. Halafu mchakato ulio katika D hausikii hata -9 mpaka diski imjibu, ndiyo maana pengine uliamuru na ukaona bado upo. Kuupunguzia kipaumbele kwa renice nako hakukusaidii: Tracker tangu mwanzo inajiweka kwenye kipaumbele cha chini kabisa cha prosesa, ndiyo ile 19 unayoiona kwenye safu ya NI. Imeshaacha njia kwenye prosesa. Msongamano uko kwingine.

Ninachokushauri ufanye wiki hii hakina gharama. Tengeneza folda mpya moja kwa moja ndani ya folda yako ya nyumbani, si ndani ya Documents, uiite Hifadhi. Hamishia humo skani zote za miaka iliyopita. Kuhamisha ndani ya diski hiyo hiyo na kizigeu (sehemu ya diski) hicho hicho hakunakili kitu, hubadilisha anuani tu, kwa hiyo hata GB mia zitahama kwa muda mfupi. Kwa mpangilio wa kawaida, Tracker husoma folda maalumu kama Documents, Pictures, Music na Videos kwa kina, lakini folda ya nyumbani huitazama juu juu tu, haiingii kwenye folda nyengine zilizomo. Kwa uhakika zaidi weka humo faili tupu linaloiambia ipite mbali:

touch ~/Hifadhi/.trackerignore

Hakikisha pia hakuna aliyewahi kuongeza kitu: fungua Settings, ingia Search, halafu Search Locations, uzime kila mahali usipopahitaji. Kisha andika tracker3 reset --filesystem, utoke kwenye akaunti na kuingia tena. Amri hii inafuta faharasa tu, mafaili yako haiyagusi. Fanya hivyo jioni unapokaribia kufunga na uiache mashine mpaka tracker3 status iseme imemaliza. Faharasa itakuwa ndogo, ya mafaili ya mwaka huu. Na nikuombe jambo hapo hapo: unapohamisha, pitia. Kitambulisho cha mtu kilichoskaniwa mwaka juzi hakina sababu ya kubaki dukani kwako ikiwa mwenyewe keshachukua nakala yake. Utampunguzia mzigo yeye, wewe na diski.

Masasisho usiyazime. Najua utaambiwa uyazime, maana ndiyo ushauri wa haraka, lakini duka linalopokea fleshi za mji mzima ndilo linalohitaji kinga kuliko mashine nyengine yoyote. Badala yake yahamishe saa. Kama unafunga adhuhuri ukaenda kuswali na kula, ipe kazi hiyo wakati huo. Andika sudo systemctl edit apt-daily-upgrade.timer, na katika nafasi itakayofunguka weka mistari hii:

[Timer]
OnCalendar=
OnCalendar=*-*-* 13:00
RandomizedDelaySec=5m

Mstari wenye OnCalendar mtupu usiusahau, ndio unaofuta saa ya zamani. Na kumbuka kompyuta haihesabu kama sisi: 13:00 yake ndiyo saa saba yetu ya mchana. Iache mashine ikiwaka unapotoka.

Ipo na hatua moja ya kati ambayo mimi naipenda kwa mashine zenye hadidiski. Linux, ambayo ndiyo msingi wa Ubuntu, ina mpangaji anayeamua ombi la nani liende kwanza kwenye diski. Andika cat /sys/block/sda/queue/scheduler. Jina lililo ndani ya mabano ya mraba ndilo linalotumika, na kwako huenda likawa mq-deadline. Yuko mwengine aitwaye BFQ, aliyeingizwa kwenye kenali (kiini cha Linux) mwaka 2017, ambaye hutazama kila mchakato umejiombea kipaumbele gani na huipa nafasi programu unayoifungua sasa hivi. Kwa kuwa Tracker imejiweka nyuma hata kwenye foleni ya diski, BFQ huiheshimu nia hiyo vizuri. Kumjaribu:

echo bfq | sudo tee /sys/block/sda/queue/scheduler

Ukiwasha upya mashine mpangilio unarudi ulivyokuwa, kwa hiyo huharibu kitu. Jaribu asubuhi mbili tatu. Ukiona LibreOffice inafunguka hata Tracker ikiwa kazini, ndipo utafute namna ya kuufanya wa kudumu.

Na kuizima Tracker kabisa? Inawezekana, na si dhambi. Kama hutafuti kwa kisanduku, unajua folda ya kila mteja kwa kichwa, huna utakachokosa:

systemctl --user mask --now tracker-miner-fs-3.service tracker-extract-3.service

Utakachopoteza ni kutafuta kwa maneno yaliyo ndani ya mafaili, na baadhi ya programu za muziki na picha zitakuwa hazioni kitu. Kutafuta kwa jina la faili kutaendelea, ila polepole. Ukijutia, andika unmask mahali pa mask, bila ile --now. Mimi ningekushauri uanze na Hifadhi kwanza. Duka la skani lenye faharasa nzuri ni duka linalompata mteja cheti chake kwa nusu dakika, na hiyo ni huduma.

Sasa fedha. Umeambiwa RAM. Pima kabla ya kununua: mashine ikiwa imeganda andika free -h, utazame safu ya available, wala usiishughulikie free. Linux hujaza RAM iliyo wazi kwa nakala za mafaili yaliyosomwa karibuni, na huiachia mara programu ikiitaka, ndiyo maana free huwa ndogo daima bila ubaya wowote. Kisha acha vmstat 1 ikienda dakika moja na utazame safu mbili zilizoandikwa «si» na «so». Zikiwa 0 karibu muda wote, RAM inakutosha. Zikiwa zinapanda mamia na maelfu kila sekunde, mashine inahamisha RAM kwenda diskini na kurudi, na hapo aliyekwambia uongeze alikuwa na haki. Dalili nyengine ni kswapd0 kukaa juu kwenye top. GB 4 kwa kivinjari cha leo chenye tabo nyingi pamoja na LibreOffice ni kidogo, sikatai.

Lakini kama fedha ni ya kitu kimoja, nunua SSD, diski ya chipu. Hiyo haina sahani wala mkono. Pale ambapo hadidiski inajibu maombi 75 kwa sekunde, SSD ya kawaida ya SATA hujibu makumi ya maelfu. Kompyuta yako ya mezani inaipokea bila kubadilisha kitu chengine, na hata ya GB 240 itatosha mfumo pamoja na kazi za mwaka huu, ile hadidiski ikabaki kuwa Hifadhi, mradi SMART imesema ni nzima. Ukiwa na SSD, karibu yote niliyoyaeleza hapo juu hutayahitaji. Kitu cha pili ni UPS ndogo, yaani betri ya akiba ya kompyuta. Tangu 2010 umeme wa Pemba unatujia kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga, na hitilafu ya kule inaweza kutufikia huku hata kama Wete hapana kilichoharibika. UPS haitakuwekea duka wazi, itakupa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu. Dakika hizo ndizo zinazoiokoa diski kukatwa ikiwa katikati ya kuandika, na zinazoiokoa Tracker kuanza safari upya. RAM naiweka ya tatu, isipokuwa vmstat imekwambia vyengine.

Yapo mambo yasiyofaa kufanywa kwa kusoma jibu. Diski ikitoa mlio wa kugongagonga, zima mashine na usiiwashe tena kujaribu, hata kama nakala hujachukua. Kila dakika inayozunguka inaweza kuwa inakwangua zaidi. Pending ikipanda kila siku, au sudo dmesg ikijaa maneno I/O error, au mashine ikijizima yenyewe ikipata moto, ipeleke kwa fundi, Chake Chake au hapo hapo Wete. Mwambie kwa kinywa, na umwandikie kwenye karatasi uibandike juu ya kasha: asiweke mfumo upya, asifute kizigeu, kazi ya mwanzo ni kunakili data. Nenda na diski yako ya nje, na ukiweza kaa naye anaponakili, kwa sababu humo mna vyeti na vitambulisho vya watu waliokuamini wewe. Na ukimchukulia karatasi yenye majibu ya smartctl, tracker3 status na zile dakika kumi za iotop, hatakuwa na haja ya kubahatisha.